Nauli ya mzigo isifichwe: Somo kwa maduka ya mtandaoni kutoka njia ya misafara

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ambaye kabla ya kupewa utume alisafiri na misafara ya biashara hadi Sham, akarudi na faida ya Bibi Khadija (r.a.) bila kupunguza wala kuficha kitu.

Ndugu msomaji, somo letu la wiki hii nimelipata kwenye simu. Madrasa yetu hapa Tabora ilikuwa na hafla ya wanafunzi waliohitimisha juzuu, na walimu tukaona ni vyema watoto 30 wavae sare mpya. Mwalimu mwenzangu akaona kwenye duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam kanzu na baibui za watoto kwa shilingi 12,000 kila moja. Tukawatangazia wazazi: kila mtoto alete shilingi 12,000. Wakaleta. Zikatimia shilingi 360,000 kamili.

Usiku baada ya Isha tukakaa kuagiza. Tukachagua saizi moja moja, tukajaza jina, namba ya simu, mkoa, wilaya na mtaa. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Ukurasa baada ya ukurasa, hesabu ilisomeka 360,000. Tulipofika ukurasa wa mwisho, penye kitufe cha kulipia, ndipo zilipojitokeza: usafirishaji mikoani 36,000, ufungashaji 6,000, ada ya huduma 3,000. Jumla 405,000. Hafla ilikuwa imebaki siku sita. Tukatazamana, tukachota akiba ya kununulia mikeka, tukalipa.

Siku ya nne tukapigiwa simu twende ofisi ya basi. Pale tukaambiwa mzigo hautoki mpaka tuongeze 6,000, eti nauli iliyolipwa Dar es Salaam haikutosha. Tukalipa tena. Kwa hiyo sare ya 12,000 ikawa imetugharimu 13,700, na ikabidi turudi kwa wazazi kuomba 1,700 za kila mtoto ili akiba ya mikeka irudi.

Hapo ndipo nilipojifunza. Baba mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Ustadhi, mlisema 12,000, hizi nyingine zinaingia wapi?" Hakusema kwamba tumekula fedha, lakini swali lilikuwa limekwisha kusema. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili yatima hakuuliza kitu. Alifungua fundo la kanga yake, akahesabu 3,400, akanipa, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, siku nyingine mtuambie zote kwa mara moja."

Maneno ya bibi yule ndiyo somo lote. Yeye hakulalamikia ukubwa wa fedha. Alilalamikia kuambiwa nusu leo na nusu kesho. Nami nakiri kosa langu: nilitangaza bei kabla ya kuuliza nauli. Lakini duka lile lilijua tangu tulipoandika neno Tabora kwamba mzigo utahitaji nauli, na likanyamaza hadi mwisho. Shaka ya wazazi haikuliangukia duka, iliniangukia mimi niliyesimama katikati.

Je, kuficha gharama hivi hadi dakika ya mwisho kuna uzito gani katika dini yetu? Na kuna madhara gani kwa biashara yenyewe? Tuanze na historia ya mji wetu, kwani Tabora imelijua tatizo hili muda mrefu kabla ya simu.

Mahongo ya njiani

Kabla reli ya kati haijafika hapa mwaka 1912, bidhaa ya pwani ilifika Unyanyembe kwa mabega ya watu. Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 na kuingia Unyanyembe tarehe 23 Juni, yaani miezi mitatu. Burton na Speke, waliokuja mwaka 1857, walichukua zaidi ya miezi minne hadi kufika Kazeh, jina walilolitumia kuuita mji huu. Mpagazi alibeba takriban kilo 30, akihitaji ujira na posho. Hatuisifu kila sehemu ya biashara ile, kwani njia hiyo hiyo ilipitisha binadamu waliofungwa minyororo. Lakini kuhusu gharama za mzigo ina la kutufundisha.

Juu ya ujira na posho kulikuwa na hongo. Leo neno hili tunalijua kwa maana ya rushwa, lakini wakati ule hongo ulikuwa ushuru aliotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi anayopita. Ulilipwa kwa nguo, zikihesabiwa kwa doti, na doti moja ni mikono minane. Ugogo ilisifika kwa mahongo, kwa kuwa ndiko penye visima na chakula ambavyo msafara haukuweza kuvikwepa. Mfanyabiashara mzoefu aliyajua mahongo hayo tangu pwani, akayawekea nguo zake kabla hajaondoka. Hongo inayojulikana ilikuwa gharama kama gharama nyingine.

Tatizo lilikuwa hongo isiyojulikana mwisho wake. Stanley ameeleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1872 yaliyomkuta Uha mwezi Novemba 1871. Vita kati ya Mirambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida ya Ujiji, akazunguka kusini na kutokea Uha. Mtawala wa kwanza alimtoza zaidi ya doti 70, wakabishana mpaka usiku, akalipa akiamini kwamba sasa nchi yote ya Uha iko wazi mbele yake. Hakwenda mbali akakutana na mwingine, naye akataka hongo yake. Akalipa tena. Ndipo alipoambiwa kwamba mbele wako wengine kadhaa, na kila mmoja anamsubiri.

Alifanya nini? Hakubishana tena. Alimlipa mtu anayeijua nchi, akawaamuru watu wake wanyamaze kimya, wakaondoka usiku wakipita porini, wakawakwepa watawala wote waliobaki. Wale wa mbele hawakupata hata doti moja. Pengine katika wao alikuwamo ambaye hongo yake ilikuwa ya haki, mwenye maji na chakula cha kuuza na njia salama ya kutoa. Lakini wa kwanza na wa pili walikwisha kumfundisha msafiri kwamba katika nchi ile bei haina mwisho.

Ndugu msomaji, huyo ndiye mteja wa leo anayefunga ukurasa usiku bila kusema neno. Hapigi simu kulalamika wala haandiki barua. Anaondoka tu, na muuzaji asubuhi anakuta kapu limejaa bidhaa bila malipo. Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwahoji wanunuzi wa mtandaoni wa Marekani, imekuwa ikipata jibu lile lile kila inapouliza kwa nini waliacha kapu njiani: sababu inayoongoza ni gharama za nyongeza, yaani usafirishaji, kodi na ada. Uha ya mwaka 1871 na Marekani ya leo zimetoa jibu moja.

Njia ile ile imetuachia kisa kingine, kinachouma zaidi kwetu Waislamu. Livingstone alitumiwa bidhaa kutoka Zanzibar zimsubiri Ujiji. Alipofika pale Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na hana kitu, alikuta msimamizi wa mzigo, mtu aliyeitwa Shereef, amekwisha kuuza vyote. Kwa maelezo ya Livingstone mwenyewe, Shereef alidai kwamba amepiga ramli kwa Qur'an, ikamwonesha kuwa mwenye mzigo amekufa. Tazama hapo! Amana imeliwa, na Kitabu cha Allah kikafanywa kisingizio. Miezi michache baadaye Livingstone alikaa Kwihara, pembezoni mwa mji wetu, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Stanley alirudi pwani na kumtumia wapagazi na mahitaji kutoka Zanzibar. Hao walifika salama Agosti 1872. Njia ni moja na umbali ni mmoja. Mzigo mmoja uliliwa na mwingine ukafika. Tofauti ilikuwa uaminifu wa waliokabidhiwa.

Ridhaa ni ya bei ipi?

Sasa tuingie katika mafundisho. Katika Suratun-Nisaa (4:29) Allah (s.w) anawakataza waumini kuliana mali zao kwa njia za batili, na anaruhusu biashara iliyojengwa juu ya kuridhiana. Ridhaa basi ndiyo roho ya biashara. Lakini ridhaa ya nini? Mtu hawezi kuridhia asichokijua. Aliyeoneshwa 360,000 akaridhia, ameridhia 360,000. Zile 45,000 zilizokuja baadaye zinahitaji ridhaa yake upya, tena ridhaa ya mtu aliye huru kuondoka, si ya mtu aliyechoshwa kwa saa nzima na aliyebanwa na muda.

Pili, ipo hadithi iliyopokewa na Hakim bin Hizam (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Maana yake ni kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari ya kuendelea au kuacha madamu hawajaachana. Wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara hiyo hufutwa. Zingatia kwamba hadithi imetaja mambo mawili, kusema kweli na kubainisha. Mtu anaweza asiseme uongo hata neno moja na bado akawa hajabainisha. Duka lile halikutudanganya kwamba kanzu ni 12,000. Ni kweli kanzu ilikuwa 12,000. Ila halikubainisha.

Tatu, Mtume (s.a.w) alikataza watu kuitokea misafara njiani kabla haijafika sokoni. Sababu waliyoieleza wanazuoni ni kwamba mgeni wa msafara haijui bei ya soko, naye anayemtokea njiani anaijua, hivyo anafaidika kwa ujinga wa mwenzake. Katika mapokezi ya Muslim, mwenye bidhaa aliyeuza njiani akifika sokoni ana hiari ya kuvunja. Sheria imemrudishia haki mtu aliyefungwa katika bei kabla ya kujua hesabu kamili. Zamani asiyejua alikuwa muuzaji wa msafara, leo asiyejua ni mnunuzi wa Tabora, Urambo au Nzega, lakini ugonjwa ni mmoja: mmoja anaijua hesabu yote, mwingine anaoneshwa kipande.

Nne, alikataza kumfunga mnyama chuchu asikamuliwe siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyedanganyika hivyo akapewa hiari ya kumrudisha. Mnyama ni yule yule na kiwele ni chake. Kilichofanywa ni kukipamba kionekane sivyo kilivyo. Bei ya mlangoni iliyonyolewa gharama zake zote ili ivutie macho inafanana sana na kiwele hicho.

Nauli yenyewe si haramu

Hapa tusije tukawadhulumu wafanyabiashara. Kutoza nauli si dhambi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora kwa reli ni takriban kilometa 840, na mzigo haufiki kwa dua peke yake. Anayefunga, anayebeba, anayepakia na anayeshusha wote wanastahiki ujira wao.

Wanazuoni wetu waliliona hili mapema. Imam Malik (r.a.), aliyefariki mwaka 179 Hijria, katika kitabu chake cha Muwatta amezungumzia mtu anayenunua nguo mji mmoja na kuzipeleka mji mwingine, kisha akaziuza kwa murabaha, yaani kwa kumtajia mnunuzi mtaji na faida. Je, gharama gani aingize katika mtaji? Akasema nauli ya kuzibeba inaingia katika mtaji, lakini isihesabiwe faida juu yake, isipokuwa muuzaji amemweleza mnunuzi na mnunuzi akaridhia. Ama gharama kama udalali, kukunja nguo na kodi ya nyumba, hizo haziingii bila kuelezwa. Ni nguo, ni nauli, ni kutoka mji hadi mji. Ungedhani anaizungumzia Kariakoo na Tabora.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametofautisha katika Minhaj maneno ya muuzaji. Akisema anauza kwa kile alichonunulia, inaingia bei ya kununulia tu. Akisema anauza kwa kile kilichomsimamia, zinaingia pia gharama alizozitoa, kama ujira wa mpimaji, dalali, mlinzi na mpaka rangi. Wanazuoni walichunga hata tofauti ya neno moja ili mnunuzi asielewe sivyo.

Chukua mfano wa kila siku. Muuzaji anakuambia, "Nauli ya basi ni 15,000." Mzigo unapofika unaikuta risiti imeandikwa 8,000. Zile 7,000 ni za nini? Kama angesema, "Kukufikishia ni 15,000, ndani yake muna nauli ya basi, bodaboda ya kupeleka stendi na kazi yangu," ingekuwa halali yake na wala asingehitaji kukuonesha risiti, kwa sababu huo ni ujira wa kazi mliyokubaliana. Lakini aliposema ni nauli ya basi, amesema jambo ambalo si kweli, na risiti imemshitaki. Kiasi ni kile kile, 15,000. Kauli moja imeifanya halali, kauli nyingine imeifanya hiyana.

Hali tatu zisizolingana

Ili tusichanganye mambo, tuzigawe hali hizi katika mafungu matatu.

Kwanza, duka linaonesha bei na nauli tangu mwanzo, au linakuuliza uko mkoa gani kabla hujaanza kuchagua. Hili halina shaka, nalo ndilo linalofanana na biashara ya Muislamu.

Pili, jumla kamili inaoneshwa ukurasa wa mwisho kabla ya kulipa. Hapa sithubutu kusema kwamba mauziano yamebatilika, kwa sababu mnunuzi ameiona jumla kabla hajakubali. Lakini mpangilio uliokusudiwa kumchosha mtu na kumvuta hatua kwa hatua ni kinyume cha kubainisha, na muuzaji aiogope hadithi ya baraka kufutwa. Si kila mauziano yanayosihi huwa na baraka.

Tatu, gharama inayojitokeza baada ya kulipa, kama zile 6,000 zetu za stendi, au ujumbe unaokuja baada ya kutuma fedha: "Ongeza na ya kutolea." Mkataba ulikwisha kufungwa kwa bei ijulikanayo. Katika Suratul Maida (5:1) waumini wameamrishwa kutimiza mikataba. Nyongeza baada ya hapo haimlazimu mnunuzi mpaka aridhie mwenyewe, na kuuzuia mzigo wake ili alipe ni dhulma. Kama muuzaji alikosea hesabu ya nauli, hasara ya kosa lake aibebe yeye.

Haya ni ya jumla. Mwenye kesi mahususi amwendee sheikh anayemwamini.

Hoja za wenye maduka

Nimezungumza na vijana wetu wanaouza mtandaoni, nao wana hoja za kusikilizwa.

Wa kwanza akasema, "Ustadhi, nauli sizijui. Basi la leo ni bei hii, la kesho bei nyingine." Jibu lake ni jepesi. Andika kiwango cha juu kwa kila mkoa, kisha nauli ikipungua mrudishie mteja chenji. Mteja aliyerudishiwa 2,000 asizozitegemea atawaambia watu kumi. Au tamka wazi mapema: nauli hailipwi kwangu, utalipa mwenyewe ofisi ya basi. Asiyejua kiasi anaweza angalau kusema kwamba kiasi kipo.

Wa pili akasema, "Nikiandika bei kamili, jirani yangu anaandika ya chini, wateja wanakimbilia kwake." Hoja hii ni nzito, nami sitaidharau, kwani kijana huyu ana kodi ya chumba na familia. Lakini ajiulize: wateja hao wanakwenda kwa jirani mara ngapi? Mji kama wetu watu wanajuana. Sare zetu za mwaka ujao watoto watazihitaji tena, na hatutarudi duka lile, ingawa kanzu zake zilikuwa nzuri. Duka lilipata 45,000 zilizofichwa, likapoteza sare 30 za kila mwaka.

Wa tatu akauliza kuhusu tangazo la "usafiri bure", je, ni uongo ikiwa nauli imeingizwa ndani ya bei? Ikiwa bei ni moja na mteja anaijua yote kabla, mauziano hayana tatizo. Lakini kupandisha bei kisha kujisifu kwamba umetoa zawadi si ukweli. Andika tu, "Bei hii ni mpaka Tabora." Inatosha, na inapendeza zaidi.

Sheria za nchi

Wasiojali dini nao wamefika hapa kwa njia ya uzoefu. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya haki za walaji ya mwaka 2011 iliyoanza kutumika Juni 2014, ziliamua kwamba gharama ya nyongeza ambayo muuzaji hakumweleza mnunuzi kabla ya mkataba, mnunuzi haimlazimu kuilipa. Uingereza nayo, kuanzia Aprili 2025, imepiga marufuku kutangaza bei ya chini na kudondosha ada za lazima moja moja hadi mwisho. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, ikiwamo kuhusu bei, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu hilo. Aidha, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imegusa ulinzi wa mnunuzi wa mtandaoni.

Lakini Muislamu hapaswi kusubiri tume. Katika Suratul Mutaffifina (83:1-6) Allah (s.w) ameahidi maangamizi kwa wapunjao, ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia wengine hupunguza, kisha akauliza kama watu hao hawadhani kwamba watafufuliwa kwa ajili ya siku iliyo kuu. Kipimo cha zamani kilikuwa pishi na mizani. Kipimo cha leo ni ile namba kwenye kioo cha simu.

Nini kifanyike

Muuzaji aulize mkoa wa mteja mwanzo kabisa, na karibu na bei ya bidhaa aoneshe bei ya kufikisha. Atenganishe nauli ya wengine na ujira wake, na asiuite ujira wake nauli. Fedha ya kutolea aitaje kabla ya kutumiwa, au aibebe mwenyewe. Akishapokea malipo, mlango wa nyongeza aufunge.

Mnunuzi naye ana wajibu. Kabla hujaagiza uliza swali moja tu: "Mpaka mkononi mwangu ni shilingi ngapi?" Jibu lihifadhi kwa maandishi, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana. Usiagize kwa mchezo kisha ukazima simu mzigo ukiwa njiani, kwani nauli ile imetoka mfukoni mwa mtu. Haki ya kuambiwa ukweli inakwenda pamoja na wajibu wa kutimiza neno.

Na sisi tunaonunua kwa niaba ya wengine, walimu, viongozi wa misikiti, makatibu wa vikundi vya akina mama, tusitangaze bei mpaka tuijue yote. Fedha ya jamaa ikipungua hulipika, heshima ya amana ikipungua hairudi upesi.

Kwa upande wetu, nimebandika ubaoni pale madrasa karatasi yenye hesabu yote: bei ya sare, nauli, ufungashaji, ada, na zile 6,000 za stendi, pamoja na risiti. Yule baba aliyeniuliza aliisoma mpaka mwisho, akanipa mkono. Kwa bibi nilikwenda mwenyewe nyumbani, walimu tukiwa tumechangishana, nikamrudishia 3,400 zake. Alizipokea, akaniuliza kama wote 30 wamerudishiwa. Nikamwambia hapana, tulichonacho hakikutosha. Akazifunga tena katika fundo la kanga, akasema, "Basi sasa najua," akaniombea dua.

Allah (s.w) atujaalie tuwe miongoni mwa wasemao kweli na kubainisha, na atubarikie katika vyetu vidogo.

Wabillahi tawfiq.